Besi ya Inkiranya

Mume wangu Murhula hajui kutulia. Hata mezani vidole vyake vinapiga, nami nimeacha kumsema kwa sababu nimechoka. Tulitoka Bukavu, huko Kivu ya Kongo, na marobota mawili ya vitenge. Mimi bado nauza vitenge hapa Gitega, Burundi. Yeye amegeuza chumba cha nyuma kuwa studio.

Mwaka jana alikwenda Giheta kurekodi wapiga ngoma. Kila ngoma aliirekodi peke yake, pigo moja moja, akaziingiza kwenye kompyuta ili azipange upya katika muziki wa kucheza. Aliyepiga inkiranya, ngoma ya katikati ambayo nyingine zote huifuata, alikuwa mzee Nazario wa Muyinga, aliyejifunzia ngoma katika kambi ya wakimbizi Tanzania. Mzee alitoa sharti moja: kabla ya mtu mwingine, asikilize yeye, na akiukataa wimbo ufutwe. Murhula akakubali harakaharaka, kama kawaida yake.

Miezi minne alihangaika. Inkiranya ilikuwa na sauti nene chini, na chini hapohapo Murhula alitaka kuweka besi yake ya kompyuta, lile pigo la kutikisa kifua. Havikuenea vyote viwili. Basi akapunguza unene wa inkiranya, leo kidogo, kesho tena kidogo, akaongeza ukali wa mlio wa fimbo. Alikuwa anaondoka mezani na kijiko mkononi kwenda kupunguza.

"Iko matope ndani ya ile sauti," aliniambia. "Mi natoa tu matope."

Nilimwambia mzee hatapenda. Akasema sijui muziki, na hilo ni kweli.

Jumamosi tukafika Muyinga, mimi na mzigo wangu wa vitenge, yeye na spika yake. Mzee alitukaribisha uani, akausikiliza wimbo mpaka mwisho. Mguu wa Murhula haukutulia. Na mimi niliogopa, maana alikuwa ameshautangaza wimbo huo kwa nusu ya Gitega.

"Anayeongoza hapa ni Elikana," mzee alisema. "Elikana ameniongoza mimi lini?"

Elikana hupiga mojawapo ya amashako, ngoma za pembeni zisizobadilisha mdundo. Sauti yake ni kavu tangu mwanzo, hivyo Murhula hakuigusa. Ya Nazario ilikuwa imekonda hadi ikawa nyuma yake. Mtoto wa huku angelijua kosa hilo mara moja. Sisi wa Kivu tulisikia ngoma tu.

Umeme haukuwepo na betri ilikuwa inaisha. Murhula akafungua kompyuta magotini, akaurudisha unene wote. Sasa inkiranya na besi zikagombana, wimbo ukavuma vibaya. Mzee akauliza kwa upole yule mwingine wa chini ni nani, mbona hapumui. Murhula, akitokwa jasho, akajibu kwamba ni yeye mwenyewe. Akajaribu kuwagawia nafasi, besi huku, inkiranya kule. Mzee akatikisa kichwa. Akajaribu tena. Mzee akatikisa tena.

Ndipo akaifuta besi. Niliona kidole chake kikisita, kisha kikabonyeza. Wimbo ulipoanza upya, hata mimi nisiyejua muziki nilisikia nani anaongoza.

"Sasa niko," mzee alisema. "Na wewe mwanangu, uko wapi humu?"

Vidole vya Murhula vilitulia juu ya kompyuta.

"Mi niko pale nilitoa, mzee."

Mzee alimpa mkono na ruhusa yake. Nilipaswa kufurahi, lakini nilitaka kulia. Miezi minne huyu mwanaume hakula chakula changu kikiwa moto, na katika wimbo ule hakuna pigo hata moja alilopiga yeye.