Siku Papa Estella Alipopiga Ngoma

Mwanangu Onesphore, ambaye soko zima la Warwick hapa Durban wanamwita Papa Estella, ana digrii ya uchumi na mashine ya kunyolea, na kinachomlisha ni mashine. Ananyoa vichwa chini ya tenti karibu na rank, kituo cha taxi. Juu ya kioo amebandika nembo ya kijani ya chuo chake, kile cha mlimani. Mteja akikosea akasifia chuo cha mjini, chenye fulana nyekundu, anaondoka na kichwa kilichonyolewa nusu; nusu nyingine anaambiwa akanyolewe na wekundu wenzake. Nimeona kwa macho yangu.

Mimi shule niliipita kwa nje tu, nikienda kuteka maji. Lakini chuo cha mlimani ni changu pia. Siku alipopewa digrii nilipiga vigelegele mpaka profesa akapotewa na jina la aliyefuata, na tumbili wakashuka mitini kuuliza nani ameolewa.

Msimcheke mwanangu. Alipofika Durban kutoka Bujumbura alilinda magari mtaa wa Morningside, na wenye magari walimwita kwa mluzi. Njiani alikuwa mkwerekwere, mgeni asiyetakiwa. Chuoni aliitwa Onesphore. Uwanjani, akishavaa kijani, hakuna aliyemuuliza karatasi. Siku moja akaenda na ngoma yetu ya Kirundi, na tangu siku hiyo kijani hawafungi goli bila ngoma ya Papa Estella kuliitikia. Wahitimu wenzake humwekea nafasi ya mbele kabisa, yeye na ngoma yake.

Nyumbani kwetu Cato Manor tukawa kijani wote, mapazia hata ndoo. Timu ikifungwa hatuchinji. Kuna mwaka mmoja walifungwa sana mpaka kuku wetu wakafa kwa uzee.

Basi Estella, binti yake, akawa golikipa. Ni baba mwenyewe aliyemfundisha, hapo uani. Upande wa kushoto wa uwanja wao kulikuwa na tangi la maji, kwa hiyo mtoto akazoea kuruka kulia, na hata alipokuwa mkubwa, mpira ukimtisha, mwili unakwenda kulia wenyewe. Sote tulijua alikuwa anafuga golikipa wa kijani. Lakini chuo cha mlimani hakikumpa nafasi. Wekundu wa mjini ndio waliomchukua, na kwa sababu ya mikono yake wakamsamehe ada.

Onesphore alimpongeza kwa meno tu. Alisema chuo ni chuo, kisha akatoka akaenda kusimama nyuma ya nyumba.

Mwaka huu timu za wasichana za vyuo hivyo viwili zikakutana fainali. Juma lile wahitimu wa kijani walichoma nyama pamoja, kama desturi yao, na Onesphore akaenda. Hakutuambia kilichosemwa huko.

Siku ya mechi, mimi na Spès, mama yake Estella, tulikaa upande wa wekundu. Nilivaa kitenge chekundu nikajiona kama mwizi. Onesphore alikaa ng'ambo, kwenye kijani, ngoma mbele yake. Mechi ilikuwa inakwisha bila goli, kijani wakapata penalti. Mpigaji hakuinua hata macho. Estella akaruka kulia. Mpira ukaenda kushoto, polepole, kama mtu anayeingia kwake.

Na ngoma ikalia. Mikono ya mwanangu ilipiga kabla moyo haujafika. Alipiga mara moja tu, akaacha, lakini uwanja wote ulikuwa umesikia, na golini mtoto alikuwa bado amelala chini.

Estella alirudi nyumbani akaweka glavu kwenye mfuko wa plastiki, akanipa nizipeleke kwa watoto wa kanisani. Alisema hafai, atamwambia kocha ameacha. Mama yake akamkumbusha kwamba akiacha mpira, ada inarudi, na ada hiyo sisi hatuna. Akajibu kwamba afadhali aache kuliko kufukuzwa.

Ndipo Onesphore akanijia jikoni. Akaketi kwenye debe, mtu mzima na mvi zake, akaniambia kwamba siku ya kuchoma nyama alimsifu binti yake mbele ya Bertrand, mhitimu mwenzake anayesaidia kufundisha wasichana wa kijani. Katika kumsifu akafika kwenye lile tangi la maji.

"Ulimi uliteleza," nikasema, nimsaidie.

"Hapana, Mama. Nilimwona Bertrand ameacha kutafuna, anasikiliza. Nikamalizia."

Akaniomba nimweleze Estella mimi. Nikamwambia nikisema mimi, mtoto atadhani ni ndugu wa zile hadithi zangu za tumbili. Ataitoa kichwani kabla sijamaliza.

Kwetu Burundi aliyekosa huleta pombe. Anakaa chini, anataja kosa lake mbele ya watu, na aliyekosewa akinywa, limekwisha. Mzazi hafanyi hivyo kwa mtoto, sijapata kuona. Na sisi tumeokoka, pombe hatugusi. Onesphore akanunua Fanta. Akaikalisha katikati ya sebule, akaketi sakafuni, Estella akiwa kwenye kiti. Spès alitaka kumwinua, nikamshika mkono.

Akasema yote. Hata lile la Bertrand kuacha kutafuna alilisema.

Estella akauliza, "Papa, ulijua atapiga kushoto?"

"Nilijua."

"Na ngoma umeishika?"

"Nimeishika."

"Ulikuwa unaogopa nini?"

"Wale ndio watu wa kwanza hapa kunihesabu mtu," akasema. "Niliogopa nikikaa upande wako, nitakuwa mgeni tena."

"Kwangu ungekuwa mgeni?"

Fanta iliendelea kutoa povu peke yake. Estella hakuigusa. Akaniuliza zile glavu ziko wapi, kama nimeshazitoa. Sikuwa nimezitoa. Akazitwaa, akazivaa, akafungua na kufunga vidole.

"Kumbe sikuwa mbovu," akasema, na hakusema kwa hasira.

Jumamosi akajiandaa kwenda mazoezini. Onesphore akachukua funguo amsindikize mpaka robot, kwenye taa za barabarani panaposimama taxi, kama alivyozoea tangu mtoto akiwa mdogo. Estella akamwambia, "Kaa tu, Papa," kwa heshima kabisa, akaenda peke yake.

Siku hizi anacheza vizuri kuliko zamani, anaruka kote. Juzi mwanangu aliniuliza, huku anakung'uta nywele kwenye mashine, wekundu wanafanyia mazoezi uwanja gani sasa. Nilikuwa najua, naye alijua kwamba najua, lakini kumwalika ni kazi ya Estella, si yangu. Hakuuliza mara ya pili.