Salamu Kwenye Waya wa AUX

Usiponiamini, shauri yako. Mimi nasema nilichokisikia kwa masikio haya mawili, saa tisa alasiri, jua linawaka, pale kijiweni kwangu Mikumi. Sikuwa nimekunywa. Mimi ni fundi redio za magari, mtu wa waya na lehemu, na habari za mizimu nilikuwa nawaachia wenyewe.

Kwanza ujue jambo moja. Mdogo wangu aliyenifuata ziwa aliitwa Yona. Mama yetu alipofariki kule Kidete, Yona hakuja kuzika. Alikuja siku ya tatu, akanikuta nimekaa na wazee kwenye jamvi, akainama: "Shikamoo kaka." Nikanyamaza. Mbele za watu! Kwetu unaweza kugombana na mtu mwaka mzima, lakini marahaba humnyimi. Mimi nilimnyima. Akaondoka, na kwa miaka miwili hatukusemeshana.

Basi, siku hiyo alikuja mama mmoja, mwalimu, kutoka Kilosa na gari lake la zamani lenye redio ya kaseti. Alitaka nimwekee waya wa AUX ili asikilize kwaya zilizo kwenye simu yake. Kazi ndogo. Nikafungua redio, nikachomelea nyaya tatu pale sauti ya kaseti inapopita, nikatoa pini chini ya dashibodi. Redio za namna ile hazitoi sauti mpaka zione kaseti inazunguka, kwa hiyo nikatumbukiza kaseti niliyokwisha kuing'oa utepe wote. Ilikuwa inazunguka tupu, nakuapia.

Sisi mafundi, kabla ya kuchomeka simu, tunajaribu kwa kugusa pini na kidole. Spika zikivuma, kazi imekubali. Nikagusa kwa gumba.

"Shikamoo kaka."

Nikaachia. Kimya. Pini ile haikuunganishwa na kitu chochote zaidi ya ngozi yangu. Nikagusa tena.

"Shikamoo kaka."

Yona, kabisa. Sasa ungekuwa wewe ungefanyaje? Bibi yetu alitukanya tangu utotoni: sauti usiyemwona mwenyewe usiiitikie, itakuchukua.

Mwalimu alikuwa kiti cha nyuma, anasahihisha madaftari. Akainua uso. Alidhani nimeshaunganisha simu yangu na kuna mtu amenipigia.

"Fundi, unasalimiwa. Mbona huitikii?"

"Nasikia, mwalimu."

"Sasa si umwitikie mwenzio? Khaa!"

Gumba bado lilikuwa kwenye pini. Ikaja ya tatu, polepole, kama mtu aliyechoka kubisha hodi. "Shikamoo kaka." Nikafumba mdomo. Halafu spika zikavuma, mvumo wa kawaida tu. Nikachomeka simu ya mwalimu, kwaya ikaimba vizuri, akashukuru na kuondoka. Sikulia, wala sikukimbia. Nilikaa kwenye benchi nikiangalia malori yanavyopita.

Saa kumi na moja akapiga shemeji, mke wa Yona. Yona alikuwa ameumwa homa siku nne, na alasiri ileile alikuwa amefariki.

"Mwishoni alikuwa anatoa salamu tu, shemeji," akaniambia. "Mara tatu. Kila akisalimia anatulia, anasikiliza. Halafu akageukia ukutani."

Nikamwambia nakuja.

Nilipitia Kilosa, nikafika Kidete, tukazika. Udongo ulipokuwa unaingia nilisema marahaba, kwa sauti, mara tatu. Watu wakatazamana, mjomba akanishika mkono akanisogeza pembeni. Nilitegemea nitasikia uchungu, au hata nafuu. Sikusikia kitu.

Mpaka leo gumba hili limekufa ganzi. Naweza kuligusisha lehemu ya moto nisijue mpaka nione moshi. Kazi bado naifanya, ila kwenye kujaribu pini namwomba mteja aguse mwenyewe, nami nasogea mbali na gari mpaka aniambie inavuma.

Na wewe unayenisikiliza, kama kuna mtu umemnunia, salamu yake unaipita kama huisikii, acha. Mwitikie angali hai. Ugomvi wenu mtaendelea nao kesho, hakuna atakayewaibia. Mimi marahaba ya mdogo wangu ninayo hapa, na hakuna wa kumpa.