Mtani Aliyetikisa Nyanya

Usiku ule nililala panga likiwa limeegemezwa mlangoni, kwa maana asubuhi ningekwenda kuzifyeka nyanya zote. Kitalu nyumba kile tulikijenga wawili, mimi na mtani wangu Sigala, kwa mianzi na nailoni, miezi michache kabla hajafariki. Baada ya kumzika nilikilinda dhidi ya baridi ya Njombe kwa uangalifu ambao sasa unanishangaza: kila tundu niliziba, kingo zote nikazifukia udongoni. Miche ilirefuka, ikachanua, kisha maua yakawa yanadondoka bila kuacha tunda. Nikaamini kwamba nimeiua kazi ya mwisho ya mikono yake.

Ndotoni nilijikuta matangani kwake. Turubai la waombolezaji lilikuwa nailoni yetu. Wanawake waliketi kati ya matuta, wakiimba kwa sauti ya chini. Marehemu mwenyewe anaingia, amevaa koti lake zito la sufu, jasho linamtiririka. Hakuna anayeshtuka. Anajipepea kwa kofia, anaketi kando yangu.

"Mtani, mimi ulinizika nikiwa nimekufa, kwa hilo sina neno. Hizi nyanya je, zimekukosea nini?"

Naanza kumwambia kwamba niliogopa baridi. Tayari hatupo msibani. Tupo wawili tu, nailoni ni mpya, naye ameshika kamba inayoshikilia mche, anaitikisa taratibu, kama mtu anayemwamsha mtoto. Vumbi la manjano linatua juu ya maua.

"Msomi mzima! Ua bila upepo, bila nyuki, litazaa na nani?" Anacheka kile kicheko chake cha kukohoa. "Juu bado kuna maua. Mchana fungua, jioni funga."

Nikaamka nikicheka. Kulikuwa kumepambazuka. Nilichukua panga lile lile, nikaanza kukata madirisha ya kukunja ubavuni mwa kitalu. Mke wangu akatoka amejifunga kitenge.

"Baba Tumaini, unachana nailoni? Una akili kweli?"

"Ameagiza mtani."

Alitazama upepo ulivyokuwa ukiingia na kuyapapasa majani, shina baada ya shina.

"Sigala?"

"Mwenyewe. Na matusi yake hajayaacha."

"Basi chana na upande wa pili," akasema, akanishikia nailoni ikaze.