Chupa Aliyoifuta Agneta

Saa mbili asubuhi, maji ya vuguvugu yako tayari kwenye karai na Agneta Naliaka amevua pete yake. Anaiweka dirishani. Pete ni chuma, anasema, na santuri haielewani na chuma.

Anaishika santuri kwa kingo, anaifunika lebo kwa vifuniko viwili vya mkebe wa mafuta ya kujipaka ili isilowe, kisha anaipaka povu la sabuni ya vyombo kwa brashi ya kunyolea ndevu. Brashi hiyo ilikuwa ya marehemu mumewe. Anafuata mfereji wa sauti mzunguko baada ya mzunguko, polepole, bila kurudi nyuma. Ukimwuliza swali wakati huu, hajibu.

"Uchafu ya miaka hamsini haitoki kwa nguvu," anasema baadaye, akiisimamisha santuri kwenye rafu ya kukaushia sahani. "Inatoka kwa kubembelezwa."

Agneta, mwenye umri wa miaka 54, anafanya kazi ambayo majirani zake wa nyuma ya soko la Kitale hawana jina lake. Muuza mbegu wa mlango wa pili humwita Mama Rekodi, basi. Watu humletea santuri na kaseti za zamani. Yeye huziosha, huziingiza kwenye kompyuta, hupunguza mikwaruzo na mvumo, huirudisha sauti ya mwimbaji mahali pake, kisha huichoma kwenye sidii.

Kwa nini sidii, wakati siku hizi kila kitu kiko kwenye simu? Swali hilo limemchosha.

"Kijana anataka simu. Kesho simu imeibiwa, wimbo imeenda. Mzee anataka kitu anashika. Anataka aone jina ya ndugu yake imeandikwa hapo juu. Na redio yake ya nyumbani ni ile inameza sidii, sasa aitupe?"

Hutoza shilingi 600 kwa santuri moja. Mwezi mzuri humpa kama 20,000. Msimu wa kupanda, Trans-Nzoia nzima ikiwaza mbolea, hapati hata 6,000. Halalamiki. Yeye mwenyewe ana ekari moja ya mahindi.

Kazi hii aliianzia Bungoma, miaka ya tisini, akiwa mfagiaji katika duka la kaseti la mzee mmoja aliyeitwa Ngige. Siku moja, akiwa na ufagio mkononi, alimwambia tajiri wake kwamba kaseti inayocheza inakwenda mbio kidogo kuliko inavyotakiwa. Ngige alicheka. Kisha akapima, akakuta ni kweli. Kuanzia siku hiyo ufagio ulipata mtu mwingine. Duka lilipofungwa mwaka 2007, mzee huyo alimwachia mashine ya kuchezea santuri na masanduku matatu ya santuri zenyewe.

"Aliniambia niko na masikio," Agneta anasema, na hapo anatazama chini. "Niliamini hiyo maneno sana. Kupita kiasi."

Ndipo anaposimulia habari ya chupa. Anaisimulia bila kuombwa, kwa kila mteja mpya, kabla hajapokea santuri yake. Anasema mtu ana haki ya kujua anamkabidhi nani mali yake.

Mwaka jana, mwalimu mmoja aitwaye Derrick alimletea santuri kutoka Mabanga, karibu na mji wa Bungoma. Ilikuwa wimbo wa marehemu baba yake, Wabwile, aliyekwenda Nairobi mwaka 1968 na gita lake kurekodi wimbo mmoja, "Namalwa wa Mabanga", kuhusu dada yake aliyeolewa mbali. Baada ya hapo alirudi nyumbani kulima, na hakurekodi tena. Familia ilitaka sidii sitini za kugawa siku ya ukumbusho wake. Muda ulikuwa wiki moja.

Santuri ilikuwa na mkwaruzo mbaya. Kila mzunguko sindano ilipoukanyaga, ilitoa mlio: tik. Katikati ya milio hiyo kulikuwa na tik nyingine, nyembamba, za mbali. Agneta alizisikia zote akazihesabu kuwa ndugu wa baba mmoja.

"Nilifundisha kompyuta mlio moja, nikaiambia itoe yote yenye inafanana. Nikaenda kupika," anasema. "Kurudi, nikapata wimbo ni safi. Safi kabisa. Nilifurahi, si uwongo."

Alichoma sidii sitini. Na kama ilivyokuwa desturi yake, mteja alipochukua kazi yake, Agneta alifuta sauti mbichi, ile ya kabla ya kusafishwa, kutoka kwenye kompyuta ili kupata nafasi ya kazi nyingine.

Siku ya ukumbusho alialikwa Mabanga, akapewa kiti karibu na spika, akala akashiba. Mstari wa mbele alikaa Mzee Wekoye, mdogo wake marehemu, mwenye miaka 75 wakati huo. Mkononi alishika chupa ya soda na msumari. Wenyeji wa magharibi hawahitaji maelezo: gita la nyimbo za zamani halikwenda bila mtu wa chupa. Wengine wajue tu kwamba chupa ndiyo iliyokuwa ngoma yake.

Wimbo ulianza. Mzee akainua msumari, akisubiri chupa ya kwenye santuri iingie ili aingie nayo. Akasubiri. Wajukuu walishaanza kutikisa mabega. Akamwinamia binti yake Edinah, akamwambia masikio yake sasa yamekufa kweli.

Edinah, muuguzi wa Kimilili, ndiye aliyemjibu, na mpaka leo anatamani angenyamaza. "Nilimwambia, Papa, masikio yako haina shida. Hakuna chupa hapo."

Mzee Wekoye aliweka chupa chini ya kiti. Hakugomba. Aliuliza tu, kwa sauti ya kawaida, "Mimi wamenipeleka wapi?" Agneta alikuwa viti viwili kando, akasikia kila neno.

Ili kuelewa uzito wa swali hilo, sharti umsikilize mzee mwenyewe. Alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa yeye na kaka yake walipokwenda Nairobi. Mwenye studio alisema chupa inapiga kelele, akamsimamisha mlangoni, mbali na kipaza sauti. Lebo ilipochapishwa, iliandikwa jina moja tu, la Wabwile.

"Kwa rekodi hakuna jina yangu. Picha hatukupigwa," anasema. "Watoto wangu nikiwaambia nilienda Nairobi kurekodi, walikuwa wanasema ati mzee anajipatia sifa. Sasa nilikuwa nawaambia, sikieni hiyo chupa. Huyo ni mimi."

Agneta alirudi Kitale usiku huohuo hana amani. Sauti mbichi alikuwa ameifuta. Alimpigia Derrick simu kuomba santuri tena. Mwalimu akakiri: aliiacha juu ya dashibodi ya gari, jua la mchana likaipata, ikajikunja kama chapati. Agneta aliibana katikati ya vioo viwili kwa siku kumi na moja. Sindano iliruka kila ilipoigusa.

Watu walitafuta njia ya mkato. Derrick alipendekeza mzee arekodiwe upya akipiga chupa, kisha sauti hiyo ibandikwe juu ya wimbo. Nani angejua? Agneta anakiri alishawishika. Aliyepinga alikuwa mmoja tu, Mzee Wekoye.

"Huyo atakuwa ni mzee anapigia kijana," alisema. "Mimi nataka yule alisimama kwa mlango."

Basi Agneta akaanza kutafuta santuri nyingine ya wimbo huo. Alitangaza kwenye redio moja ya Bungoma. Alibisha milango ya watu waliowahi kuuza muziki Webuye na Chwele. Bwana mmoja wa Kimilili alimletea jalada lenyewe, jina la Wabwile likionekana vizuri, na ndani yake mkawa na nyimbo za krismasi. Miezi ilipita. Wakati huohuo Edinah alikuwa akimpeleka baba yake kliniki, na kila mara walirudi na habari ileile: sikio la kushoto limekwisha, la kulia linafuata.

Agneta alijua jambo ambalo hakuthubutu kumwambia mzee. Masikio ya uzeeni hupoteza kwanza sauti nyembamba za juu, na hakuna sauti nyembamba ya juu kama ya msumari juu ya chupa.

"Nilikuwa naomba Mungu nikilima. Nasema, kama utamfunga masikio, ngoja kidogo tu. Hii makosa ni yangu, si yake."

Machi mwaka huu, simu ilitoka eneo la Kwanza, hukohuko Trans-Nzoia. Mpigaji alikuwa mkulima anayeitwa Kimaiyo. Mama yake, Chepkemoi, alikuwa na santuri hiyo, lakini alikataa katakata itoke nyumbani. Ilikuwa ya marehemu mumewe, aliyeinunua Kitale mwaka waliooana. Agneta akafunga mashine yake kwenye blanketi, akaenda nayo.

Mama Chepkemoi, ambaye ni Msabaoti, alimkaribisha kwa chai ya maziwa na akakaa umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye santuri muda wote. "Huyo mtu anaimba nini mimi sielewi, ni Kibukusu," alimwambia. "Lakini mzee wangu alikuwa anaicheza akimaliza kukamua. Ukiiharibu, umeniulia yeye mara ya pili."

 Agneta hakuiosha. Aliipangusa vumbi kwa kitambaa kikavu, akaishusha sindano, akavaa hedifoni. Santuri ilikuwa imechakaa, inavuma kama mafuta ya kukaangia. Gita likaingia. Kisha, kutoka mbali, kutoka mlangoni, chupa.

Alilia pale sebuleni kwa watu. Kimaiyo naye alipopewa hedifoni alishangaa, akauliza, "Si hiyo ni mkwaruzo tu, mama?"

"Mkwaruzo haisikizi mtu," Agneta alimjibu. "Hii inasikiza gita."

Anasema hilo ndilo alilopaswa kulisikia mara ya kwanza, na hakuna kompyuta ya kulaumiwa. Siku hizi hafuti tena sauti mbichi ya mtu yeyote. Wala hachomi sidii ya mwisho kabla mtu aliyekuwepo wakati wa kurekodi, au mtoto wake, hajaketi kwenye kiti cha plastiki kando ya meza yake akasikiliza kila kitu alichokitoa. Kuna wateja wanaoona anawachelewesha, wakaenda kwingine.

Jumamosi iliyopita alikwenda Mabanga na sidii moja mfukoni, na mwandishi huyu alifuatana naye. Tulimkuta Mzee Wekoye ukumbini kwake, amevaa koti. Edinah alikuwa amefika kutoka Kimilili. Salamu zilikuwa fupi. Agneta akamvisha mzee hedifoni kwa mikono yake mwenyewe, akafungulia redio wote wasikie, na wimbo ukaanza.

Mzee alitabasamu sauti ya kaka yake ilipoingia. "Wabwile," alisema. Kisha tabasamu likapungua. Tuliisikia chupa sote, hafifu lakini dhahiri, ikijibizana na gita. Yeye alitutazama usoni mmoja mmoja.

"Iko?" aliuliza.

"Iko, Papa," Edinah alimwambia karibu na sikio.

"Mimi sisikii."

Agneta alifunika mdomo kwa kiganja. Wimbo wa dakika tatu unakwisha haraka, na huu ulikuwa umefika nusu.  Edinah aliuchukua mkono wa baba yake, akaukunjua juu ya goti lake, akaanza kumgonga kiganjani kwa kidole. Kila chupa ilipolia, kidole kilishuka. Mzee alifumba macho. Kichwa chake kikaanza kwenda.

Kisha, kidole cha Edinah kikiwa bado kinashuka na kupanda, mzee akasema, "Ngoja. Sasa karibu nakosea."

Chupa ya kwenye wimbo ikasita. Pigo moja likakosekana, gita likapita peke yake, na kidole cha Edinah kikabaki hewani. Kisha chupa ikaingia tena.

"Hapo," alisema Mzee Wekoye. "Mlango ilifunguliwa, nikageuka kuangalia. Wabwile hakunisamehe mpaka tukafika Nakuru tukirudi nyumbani." Machozi yalikuwa yakimtiririka, na hakuyafuta.

Wimbo ulipokwisha, Agneta alipiga magoti mbele ya kiti chake, akamwomba msamaha kwa sauti ya juu ili asikie. Mzee alimwambia kosa moja haliachi mke, ainuke. Ila alikuwa na ombi.

"Hiyo makosa yangu usiitengeneze."

Agneta ameahidi. Mipango yake sasa ni kuchoma sidii sitini nyingine, bure, zichukue mahali pa zile za kwanza kabla ya Desemba, familia ikikutana tena. Moja itakwenda Kwanza kwa Mama Chepkemoi. Mikwaruzo mingi ataiacha. Lebo tayari ameiandika kwa mkono kwenye karatasi, na kabla hatujaondoka alimpa mzee aikague. Mzee aliisogeza kwenye mwanga wa mlango na kuisoma kwa sauti, neno kwa neno: sauti na gita, Wabwile, chupa, Wekoye.

Aliisoma mara mbili. Kisha akamwita Edinah aje naye aisome.