Ukurasa Ambamo Mwanaume Anauliza

Mi sikusoma sana, kwa hiyo mujukuu wangu ananisomea mi koko yake vitabu vyake vya mapenzi tukimenya mihogo. Kila siku namuomba arudilie ukurasa ule ambamo mwanaume anamuuliza binti, "Unanitaka?"

"Koko, ule tena? Unaujua kwa kichwa!"

"We soma tu."

Mi, nikiwa binti, siku moja nilitoka shambani Lubondja na kuni kichwani, nikakuta baba na ndugu zake wamekwisha kunywa pombe ya posa. Kwetu ikishanywewa, mambo yamekwisha. Mama akaniambia, "Nenda uoge, umeolewa." Nilimuzalia mwanaume yule aliyeleta pombe batoto saba, nikamuzika. Hakuniuliza hata kama nina njaa.

Bamama wanashangaa mabinti wanapendea nini vitabu vile. Ndani yake mwanaume anauliza, halafu anangoja. Na kabla binti wa kitabu hajajibu ndiyo, mi namutangulia: "Hapana."