Msusi Aliyesubiri Kujibiwa

Zamani redio moja ikikohoa sebuleni nyumba nzima ilinyamaza kuisikiliza. Siku hizi kila mmoja ameziba masikio kwa vidude vyake, na ukimwita mwanao aje kula unaonekana msumbufu.

Msusi yule alikulia katika nyumba ya zamani hiyo. Marehemu baba yake alikuwa na redio ya mbao, na yeye, akiwa mdogo, aliifungua mgongo kumtafuta mtu anayesoma habari. Alichapwa. Hamu ya kujua haikuchapika. Miaka mingi baadaye, ana saluni yake ya viti viwili na vidole vilivyoota sugu, aliona tangazo la chuo: Utangulizi wa Utangazaji na Vyombo vya Habari vya Elektroniki, masomo ya asubuhi, umri si hoja. Akajiandikisha.

"Unakwenda kusomea nini?" mama yake aliuliza.

"Utangazaji, mama. Kuongea redioni."

"Kuongea! Na huko saluni huwa unafanya nini, unanyamaza?"

Darasani aliwazidi wote umri, wakamwita Shangazi. Vijana walitaka umaarufu; walijipiga picha na maikrofoni ambazo hazijawashwa. Yeye alitaka kujua. Sauti ikiingia kwenye waya inakuwa nini? Kwa nini ya kwake, ikirekodiwa, inasikika kama ya mtu mwingine? Na mtangazaji anajuaje kama huko aliko msikilizaji kuna mtu kweli?

Mwalimu wao alikuwa mtangazaji wa siku nyingi, mrefu mwembamba, vijana wakambandika jina la Mzee Antena. Alibakiza muhula huo tu astaafu, na maswali ya Shangazi yalimsahaulisha kengele.

"Usiwahutubie watu," alimjibu. "Huko hakuna umati. Yuko mtu mmoja, anachambua mchele au anafunga kamba za viatu. Ongea na huyo."

Shangazi akalichukua neno hilo kama lilivyo.

Mtihani wa vitendo ulikuwa kipindi kifupi, moja kwa moja hewani kwenye redio ya chuo. Kila mwanafunzi alipewa nafasi mbili. Akishindwa zote, chuo kwake kimekwisha. Enzi zile chumba cha mitambo kilikuwa na fundi, mtu mwenye masikio. Sasa ipo mashine: kimya kikizidi kidogo inaamini mtangazaji kapatwa na jambo, inamkata na kupiga muziki. Aliyekatwa amefeli.

Taa nyekundu ikawaka. Shangazi akamsalimu mtu wake mmoja: "Umeamkaje leo?" Kisha akanyamaza. Ndivyo alivyozoea, msusi husimama nyuma ya mteja, uso hauoni, huuliza na kungoja. Akangoja. Muziki ukalipuka.

Upande wa pili wa kioo vijana walicheka mpaka wakashikana mabega. "Shangazi anasubiri redio imjibu!" Mzee Antena akaandika sifuri bila kumtazama.

Nyumbani alimkuta mama yake amenuna kando ya redio.

"Wewe mtoto una adabu kweli? Unaniuliza nimeamkaje, nakujibu, katikati ya maneno unanipigia muziki!"

Shangazi akaketi taratibu. "Ulinijibu, mama?"

"Nisikujibu kwa nini? Nilikuwa nimefika kwenye maumivu ya goti."

Alicheka mpaka machozi, kisha kicheko kikageuka swali. Jibu la mtu linachukua muda gani? Wateja wa saluni wakaona mambo. Aliuliza hali, akatulia, akayapima majibu kwa vidole. Mwenye "salama tu" alimaliza kabla msuko haujashika. Mwenye mume mlevi alimaliza nusu ya kichwa.

"Dada, mbona leo unaniuliza hali kila saa?" mmoja aligeuka. "Nafanana na mgonjwa?"

"Tuliza kichwa. Nasoma."

Kesho yake akamweleza Mzee Antena habari za mama na goti. Mzee alicheka, halafu akaacha.

"Mashine haimtofautishi anayesubiri na aliyezimia. Ukikatwa tena sina la kukusaidia. Salimia, pita moja kwa moja, utafaulu."

"Nikipita moja kwa moja, mwalimu, nitakuwa naongea na nani?"

Mzee alikuna kidevu, akaenda zake.

Siku ya nafasi ya pili taa ikawaka. "Umeamkaje leo?" Shangazi akasema. Akanyamaza. Nyuma ya kioo vijana waliacha kutafuna ubani. Vidole vyake vikasuka hewa chini ya meza, mara moja, mara ya pili. "Goti utanieleza nikirudi," akaendelea, na mashine haikusema kitu.

Alifaulu. Matokeo aliyakuta yamebandikwa ukutani juma lililofuata, na mwalimu alikuwa amekwishakabidhi funguo. Hata kwaheri hakumwachia mtu. Ofisi yake sasa imejaa viti vibovu. Kwa hiyo mara ya mwisho Shangazi kumwona Mzee Antena ilikuwa asubuhi ile, katikati ya kile kimya kifupi, alipoinua macho kutoka kwenye maikrofoni: mzee ameinamia spika nyuma ya kioo kinene, kalamu ameiweka chini, na midomo yake inacheza. Alikuwa anajibu.