Macho ya Anti Nekesa

Hadi leo, nikikutana na harufu ya turubai jipya lililopigwa na jua, ile harufu ya plastiki inayokaribia kuyeyuka, ninarudi mtaa wa Kabiro, Nairobi, kwenye harusi ya Anti Nekesa. Nilikuwa na miaka tisa. Nilivaa gauni jeupe lililonibana kwapani, na kazi yangu ilikuwa kumwaga maua na kutomkanyaga bibi harusi.

Mpiga picha alikuwa mama yangu, dada mkubwa wa Anti. Sisi tuliishi kijiji cha Raila, kule Kibera, na Mama aliitwa kwenye harusi na mazishi kwa sababu nyuso katika picha zake zilifanana na wenyewe. Haikuwa kazi rahisi. Kanisa lile la mabati lilikuwa na taa ndefu ya mwanga wa samawati mbele, balbu za manjano nyuma, na jua likipenya mlangoni. Nje, hema la kukodi lilikuwa la manjano, na kila aliyeketi chini yake alionekana kama amepakwa bizari. Kwa hiyo Mama alitembea na karatasi nyeupe. Kila tulipohama, alimpa Anti aishike chini ya kidevu, akaipiga picha karatasi hiyo kwanza.

"Kamera haijui nyeupe ni gani," aliniambia. "Lazima uionyeshe."

Anti alicheka. Alikuwa amekonda, na wanawake walimsifu wakidhani amejinyima kwa ajili ya gauni. Chakula chake hakukigusa. Alisema ni furaha.

Jumatatu Mama alikodi kompyuta kwenye saiba, nami nikaketi kando yake. Alibofya ile karatasi nyeupe kwenye skrini, na manjano yakaondoka kama yaliyopanguswa. Vitambaa vya meza vikawa vyeupe. Gauni langu likawa jeupe. Nilikuwa nimesimama ubavuni mwa Anti, chini ya hema lilelile.

"Mama, mbona macho ya Anti bado ni manjano?"

"Ni hiyo hema. Imemwingia kwa macho."

"Na mbona mimi haijaniingia?"

Aliisogelea skrini. "Wewe ni mtoto," akasema.

Kisha akaukuza uso wa Anti, akaanza kuyasafisha macho, moja baada ya jingine, picha baada ya picha, mpaka alasiri. Alifanya taratibu, kama anayemtoa mtu mdudu jichoni.

Anti aliipenda sana albamu ile. Aliwaonyesha majirani wote wa ploti yao ya vyumba vya kupanga. "Ona vile dadangu amenitoa vizuri kwa picha!" Wakati huo alikuwa akijikuna mikono kutwa, akilaumu sabuni.

Miezi miwili baadaye alilazwa hospitalini, tumbo limefura, macho kama kiini cha yai. Daktari mmoja kijana alituuliza, "Macho yalianza kuwa hivi lini?"

Nilifungua kinywa. Mama akanibana mkono hadi vidole vikauma.

"Wiki jana," akasema.

Tulimzika kwao Bungoma. Picha iliyowekwa juu ya jeneza ilikuwa ya harusi, macho meupe pe.

Mama hakuacha kazi, maana tungekula nini? Lakini hakusafisha tena macho ya mtu yeyote. Mteja akilalamika, alimjibu, "Ndivyo ulivyo."

Hatukuzungumza kuhusu siku ile ya saiba, hata mara moja. Nilimkasirikia miaka mingi, nikiamini alijua akaficha. Sasa nina binti. Mwaka jana nilimgusa paji la uso, lilikuwa moto, nikajiambia ni jua tu, amecheza sana nje. Nilijiambia hivyo siku mbili nzima. Alipona, lakini tangu hapo ninajua kwamba mtu anaweza kuliona jambo kwa macho yake yote mawili, na bado akatafuta taa ya kulaumu, kwa sababu anayemtazama ni wake.

Na ule mkono wa hospitalini, nilidhani unaninyamazisha. Mama alikuwa amenishika ili yeye mwenyewe asianguke.